Shavu Lisilokauka

Lile shavu lilikataa kukauka.

Sanduku zima lilikuwa limeshakuwa gumu, ukiligonga kwa ukucha linalia kama kauri. Mawimbi ya pembeni, magumu. Mawingu ya juu, magumu. Maua ya peoni yaliyochongwa mpaka jani lililopinda unaliona limepinda, magumu. Na watoto waliochongwa wakicheza uani, huyu na ngoma yake, yule na taa ya samaki, wale wawili wanaovutana nywele, wote wakavu kama mifupa. Ila mmoja tu, yule wa chini ya mti wa plamu anayeshika uzi wa tiara, kishada cha karatasi. Huyo alikuwa bado teketeke. Pan Suqing alimgusa shavuni kwa ncha ya kidole, kidole kikaacha kishimo. Akangoja. Kishimo kikajaa chenyewe, polepole, kama linavyojaa shavu la mtu.

Akalirudisha sanduku kabatini, akasukuma mlango, akaenda kunawa mikono kwa mafuta. Hakumwambia mtu. Mjane mwenye mtoto mmoja, anayeishi kwa baba mkwe mwenye kiburi, hujifunza kutosema kila analoliona. Na wengi wamezika watu kwa adabu ya namna hiyo.

Nyumba ya akina Weng ilikuwa nyumba ya laka, mjini Fuzhou, uchochoro wa nyuma ya mto. Laka ni utomvu wa mti. Unapakwa, unakauka, unapakwa tena juu yake, miezi inapita, hata miaka, mpaka unene unatosha kisu kuchonga ua. Wala haukauki juani kama nguo. Unataka giza na unyevu, kwa hiyo kila karakana ina kabati lake kubwa kama chumba, mbao zake zimeroweshwa maji, ndani joto kama kwapani. Mzee Weng Daoxi ndiye aliyechonga. Suqing, mke wa marehemu mwanawe, aling'arisha. Laka nzuri haing'arishwi kwa kitambaa, hung'arishwa kwa kiganja, mafuta na unga wa mkaa, na viganja vya Suqing vilikuwa vimesuguana na kazi hiyo mpaka mistari yote imefutika. Msoma viganja angekufa njaa kwake.

Sanduku lile lilikuwa la kale sana. Lilitoka shamba, kwenye nyumba ya watu wenye jina waliokuwa wakiuza vitu vyao kimya kimya, likanunuliwa na mfanyabiashara wa chai kwa ajili ya arusi ya binti yake. Bibi arusi hupewa sanduku la watoto wanaocheza ili naye azae. Akalileta kwa Mzee Weng kwa sababu ya kasoro moja: uzi wa tiara ulishuka kutoka mawinguni, ukafika chini ya mti wa plamu, ukaishia hewani. Hapakuwa na mkono.

"Baba, hapa hapakuvunjika," Suqing alisema siku ile lilipoletwa, kiganja chake kikiwa juu ya ile nafasi tupu. "Palikwanguliwa. Kisha pakazibwa kwa laka nene. Mtu hakutaka huyu awepo."

"Tangu lini kiganja kikajua kusoma?" Mzee Weng akamjibu bila kuinua kichwa. "Wewe ng'arisha. Uzi haushikwi na upepo."

"Basi weka ua hapo."

"Ua linarusha tiara? Kwenu huko maua yana mikono?"

Akamchonga mtoto. Akajaza laka juu ya laka pale palipokwanguliwa, akangoja ikauke nusu, kiasi cha kuchongeka, akachukua kisu. Na kila mchongaji ana sura ambayo mkono wake huiendea ukichoka kufikiri. Mkono wa Mzee Weng ulikwenda kwa mjukuu wake.

Sasa, mtoto wa Suqing alikuwa akiitwa A-Gou, maana yake mbwa. Mtaa mzima ulijua sababu. Mtoto wa pekee, tena baba yake kafa kwa homa naye hata kutambaa hajaanza, hapewi jina zuri. Anaitwa mbwa, anatogwa sikio kama msichana, anavalishwa viraka, na mgeni akithubutu kumsifu, mama mtu anatema mate chini: "Huyu? Sura kama boga lililokanyagwa na punda." Yote hayo ili wale wasioonekana wakipita waseme, ah, mbwa tu huyu, twende zetu. Hivyo ndivyo Suqing alivyomficha mwanawe tangu azaliwe. Kisha babu mtu anakaa kitako, anamchonga mtoto yule yule na kila kishimo cha shavu lake, kwa laka nyekundu, juu ya kitu kisichojulikana kimepita mikono ya nani. Ni sawa na kuanika samaki barazani halafu ukashangaa paka.

Suqing alipokiona kile kisura, akaacha kung'arisha.

"Baba, huyu ni A-Gou."

"Amependeza, sivyo?" Mzee akasema, akacheka, akakipuliza kile kisura vumbi. Amependeza! Alilitamka neno hilo mle mle karakanani, kwa sauti. Mlango wa kabati ukalia kidogo, kama mtu aliyekuwa ameuegemea kwa ndani amejiondoa.

Hapo ndipo shavu lilipokataa kukauka.

Jioni ya siku ile Suqing alipokiona kile kishimo kikijaa, A-Gou alikuja kula na shavu jekundu. Laka mbichi humuunguza asiyeizoea, huvimba uso akawa kama andazi. Lakini A-Gou alizaliwa humo, alijifunza kutembea kwa kushika mbao za kukaushia. Laka na yeye walikuwa ndugu.

"Ameshika brashi yangu," akasema Mzee Weng.

"Sijashika! Babu mwongo! Kichwa kama yai la bata!"

"Unasikia mdomo huo?" Mzee akamgeukia Suqing. "Mtoto mwenye mdomo huo hafi leo."

Suqing akatwanga majani ya vitunguu, akampaka, wakalala. Asubuhi uvimbe ulikuwa umekwisha. Shavu lilikuwa laini, linang'aa, na halikuwa na joto. Alipolisogelea ukucha wake ukaligonga kwa bahati mbaya, shavu la mwanawe likalia: ti.

Akamfungia A-Gou kitambaa usoni akamwambia asikivue. Mvua za plamu zilikuwa zimeanza, zile za kunyesha bila kuchoka mpaka viatu vinaota ukungu mvunguni, majira ambayo mafundi wa laka huyasubiri kwa furaha. Mkono wa kulia wa mtoto ulijikunja kama unaoshika uzi, na haukukunjuka tena, si kwa maji ya moto wala kwa kubembelezwa. Akawa anakula kwa kushoto. Kisha ikawa anakula kidogo. Kisha akawa hazungumzi, yeye A-Gou ambaye hata usingizini alikuwa akitukana majogoo ya jirani. Kila alfajiri mama yake alipopitisha kiganja mgongoni mwake alikuta tabaka jipya, jembamba, baridi, limetandazwa kwa ufundi, halina hata alama ya brashi, na kiganja kile ambacho maisha yake yote kilijivunia kazi nzuri kikakosa cha kusugua, kwa sababu kazi hii ilikuwa nzuri kupita zote.

Na karakanani mambo yakawa kinyume. Kabati lililonuka uchungu wa laka siku zote, harufu kama siki iliyolala, likaanza kunuka utosi wa mtoto aliyeamka, jasho na maziwa. Ukisimama karibu unasikia vinyayo vidogo vikitembea ndani, vinakwenda, vinarudi, vinasimama pale pale mlangoni ulipo wewe, na hata mvua ikipiga vigae kwa nguvu kiasi gani unasikia bado, nyuma ya ubao, mtu akivuta pumzi kwa mdomo kama mtoto mwenye mafua.

Siku moja mchana Mzee Weng alikuwa sokoni. Suqing akachukua kisu cha kukwangulia, akafungua kabati, akalitoa lile sanduku mwangani. Mtoto wa chini ya mti wa plamu alikuwa na rangi. Shavu lilikuwa na joto. Suqing akang'ata meno, akaweka ncha ya kisu penye shavu lile, akavuta.

A-Gou akapiga yowe chumbani, la kwanza baada ya siku nyingi, na mama yake akakimbia na kisu mkononi akamkuta amekaa wima kitandani, shavu limechanika palepale, urefu ule ule, na kilichotoka kwenye lile jeraha hakikuwa damu ya kutiririka. Kilitoka kizito, cheupe kama maziwa, kikakutana na hewa, kikageuka kahawia, kikageuka cheusi, kama utomvu wa laka ufanyavyo siku ya kwanza mti unapochanjwa.

Ndivyo Mzee Weng alivyowakuta, mmoja ananing'iniza kisu, mmoja anang'aa. Akaangusha kapu la mboga.

"Nimefanya nini?" akanong'ona.

"Umemwanika, Baba."

Hakubisha. Kwa mara ya kwanza tangu Suqing aingie nyumba ile, yule mzee hakubisha. Akatoka vile vile bila mwavuli kwenda kumwita Bibi Zheng.

Bibi Zheng alikuwa mganga wa hekalu la Bibi wa Linshui, yule mungu wa kike anayelinda watoto na wazazi. Mwanamke mfupi, kilemba chekundu, pembe ya nyati kiunoni, na hana subira na mtu. Hakumtazama mgonjwa kwanza. Alilipindua sanduku, akakwangua chini yake kwa ukucha, akaramba, akatema.

"Mfupa," akasema.

"Kila laka ya zamani ina mfupa," Mzee akajitetea. "Tabaka la chini hutiwa majivu ya pembe ya paa."

"Paa nimekula, ladha yake naijua. Huyu hana pembe." Akajipangusa ulimi kwa shuka. "Fundi aliyelitengeneza alitaka kazi isiyopasuka milele. Akatia majivu ya mtoto. Mtoto asiye na jina, asiyeliliwa, nani ajuaye kampata wapi. Humo ndani amekuwa jini. Hana uso, anangoja apewe. Akipewa, anatoka kumfuata mwenye uso. Uso wa nani umechongwa hapa?"

Mzee akautazama uso wa mjukuu wake.

"Tukikwangua?" Suqing akauliza kwa sauti ndogo.

"Waliokwangua kabla yako walimzika mtoto wao. Unadhani kwa nini wanauza vyombo?" Akamtazama mtoto sasa, akamgonga paji la uso. Ti. "Laka ikishafika machoni, mtamweka juu ya rafu mumpanguse vumbi. Leteni kaa wa mtoni. Wabichi, kapu zima."

Mzee Weng akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Fundi wa laka haruhusu kaa hata apitishwe mlangoni pake. Maji ya kaa huua laka, huifanya uji, na laka iliyoguswa na kaa haikauki tena mpaka kiyama. Kabati likishaingiwa na harufu hiyo, kila kilichomo ni hasara.

"Kaa? Ndani ya karakana yangu? Mle kuna kazi ya maisha yangu, dada."

"Na hapa kuna mjukuu wako. Chagua moja, mimi nina wagonjwa wengine wenye akili."

Akaenda mwenyewe. Akarudi na kapu linachacharika, akavuka nalo kizingiti cha baba zake huku machozi yanachanganyika na mvua, na ikajulikana kwamba chini ya kiburi kile kulikuwa na mtu.

Magharibi wakambeba A-Gou mpaka karakanani, mzito kama gogo, wakamlaza juu ya benchi. Sanduku likawekwa ndani ya kabati, mlango wazi. Suqing akakalishwa katikati, benchi kushoto, kabati kulia, udi mmoja unawaka mbele yake.

"Sikiliza, maana sirudii," Bibi Zheng akamwambia. "Laka ikilainika, wote wawili watakuwa hawana makao. Sauti mbili zitakuita mama. Itikia moja tu. Utakayoiitikia ndiyo itakayoamka na mwili huu. Udi ukizimika hujaitikia, umewakosa wote."

"Nitajuaje ni ipi?"

"Nimezaa mimi au umezaa wewe?"

Akapuliza pembe. Mzee Weng, amejikunja ndani ya kabati, akaanza kuwaponda kaa kwa nyundo na kuwasugua juu ya kile kisura alichokichonga kwa mapenzi, na harufu ya mto na uozo na laka ikajaa mpaka macho yanachonyota. Mwanzoni, hakuna kitu. Kisha benchi likasema.

"Mama." Sauti ya A-Gou, laini, tamu. Midomo ile ile, iliyokuwa imefungwa kwa siku zote hizo, ilifunguka. "Mama yangu mpenzi, mimi hapa. Niitikie. Nitakuwa mtoto mwema, sitakusumbua tena."

Na kutoka kabatini, sauti ile ile ya A-Gou: "Mama! Mama wee! Mtoe huyo mshenzi benchini! Huku kumebana, kunanuka, na mkojo umenishika!"

Suqing akafungua kinywa akakifumba. Benchini kulikuwa na mwili aliouzaa, midomo aliyoilisha, na shavu alilolikata mwenyewe kwa kisu, na kabatini hakukuwa na kitu ila giza na uji mwekundu unaochuruzika vidoleni mwa mzee, na kama akiliitikia giza naye kumbe mwanawe yuko palepale kushoto anamlilia, basi atakuwa amemtoa kwa kinywa chake mwenyewe, wala hatakuwa na jini wa kumlaumu. Na udi ulikuwa unapungua, na Bibi Zheng alikuwa hapulizi tena pembe bali anamwangalia tu, na sauti mbili zikamwita kwa pamoja, mama, mama, mpaka hakuweza kuzitenganisha.

Kisha ile ya kulia ikasema, kwa hasira na kilio, "Mama, nakojoa kweli sasa hivi!"

Jini halina kibofu. Na mwanawe, tangu amtoe tumboni, hakuwahi kuahidi wema hata siku moja.

"Naam!" Suqing akapiga kelele kulielekea kabati. "Naam, mwanangu! Mama yako niko hapa!"

Benchi likalia. Lilimlilia kwa kinywa cha mwanawe, mama si yule, mama ni mimi, mama umekosea, mama unaniua, baridi mama, nipe mkono tu, na Bibi Zheng akamkamata Suqing mabega kwa nguvu asigeuke, na Suqing akajiuma mkono mpaka ladha ya chumvi ikamjaa kinywani, akasikiliza, kwa sababu masikio hayana kope, mpaka sauti ile ikawa nyembamba kama uzi, na udi ukazimika.

Mvua.

A-Gou akakohoa. Ngozi yake ikapasuka kama ganda la yai, vipande vyekundu vikadondoka sakafuni, na chini yake kulikuwa na mtoto mwenye jasho. Mkono wake ukakunjuka. Akakojoa palepale juu ya benchi, na tangu dunia iumbwe hakuna mkojo ulioshangiliwa kama ule.

Sanduku liliishia motoni, uani mwa hekalu. Kabati nalo walilichoma, wakajenga jingine, maana laka haikauki bila kabati na watu hawali bila laka. Mzee Weng aliishi miaka mingi baadaye. Alichonga mawingu, alichonga peoni. Uso hakuuchonga tena, hata wa samaki.

Ila Bibi Zheng, siku ile akifunga pembe yake, alimvuta Suqing pembeni.

"Uso jini limeukosa. Lakini limeshajifunza kuita mama, na hilo haliunguzwi. Kabati mnaweza kuchoma, unyevu hamuwezi. Litaita. Msiitikie, hata mara moja. Anayeliitikia ndiye mama yake."

Liliita kweli. Kila majira ya mvua za plamu Suqing alilisikia kabatini, laini, tamu, naye akauma kitambaa akaendelea kung'arisha. Uzee ukamkuta akiuma kitambaa.

A-Gou akakua, akaoa msichana wa juu ya mto aitwaye Ruiping, mwenye viganja laini na kicheko cha karibu. Ruiping akapata mimba. Suqing alitaka kumwambia. Mara ngapi alikaa naye jikoni neno likiwa mdomoni! Lakini mja mzito haambiwi mambo ya kutisha, kila mama anajua, mtoto hushtuka tumboni. Atamwambia akishajifungua. Kwa sasa amzuie tu asiingie karakanani peke yake, mvua zikianza.

Mvua zilianza mapema mwaka ule. Suqing alikuwa anachambua mboga Ruiping alipoingia jikoni akijifuta mafuta mikononi.

"Mama, karakanani kuna mtoto wa nani?"

Kisu cha mboga kikasimama. "Mtoto gani?"

"Sijui, simuoni. Tangu asubuhi ananiita mama, mama, mpaka nimechoka. Nikamwitikia." Ruiping akacheka, akakaa kwenye kigoda, akaweka mkono juu ya tumbo lake. "Amenyamaza sasa. Na huyu wangu naye ametulia, Mama. Tangu pale hajapiga hata teke."